Doto hanyooshi mkono: kuna la kumfundisha mtoto wa mwaka mmoja asiyeona?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina mapacha, Kulwa na Doto, mwezi huu wametimiza mwaka. Walizaliwa njiti, wiki ya 29, wakawekwa kwenye oksijeni kwa wiki kadhaa. Macho ya Kulwa yalitibiwa yakapona. Ya Doto tuliambiwa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imeachia macho yote mawili, anaona mwanga tu. Kulwa anatambaa nyumba nzima na kupekua kila kitu. Doto anakaa vizuri lakini hatambai, na nikimtikisia njuga mbele yake hanyooshi mkono. Nikiingia chumbani ananyamaza na kuinamisha kichwa, kama hanitaki. Muda mwingine anajikandamiza macho kwa ngumi. Daktari alisema hakuna la kufanya. Mama mkwe anasema nimwache apumzike, akifika miaka saba tumpeleke shule ya wasioona. Je, kuna la kumfundisha sasa, au najichosha bure? – Mama Kulwa, Mwanza

JIBU: Marahaba, Mama Kulwa. Hongera kwa mapacha, na pole kwa mwaka mzito uliopita nao.

Hujichoshi bure. La kumfundisha lipo, tena ni jingi, na linaanzia hapo hapo kwenye mkeka wako. Daktari aliposema hakuna la kufanya alikuwa anazungumzia retina. Ikishaachia kabisa, upasuaji mara nyingi haurudishi uwezo wa kuona, na ni heri alikuambia ukweli kuliko kukuzungusha. Lakini masikio, vidole, miguu na akili ya Doto havikuwemo kwenye maneno yale.

Kwanza tumtue mtoto mzigo asiostahili. Njiti huhesabiwa umri mara mbili: tangu siku aliyozaliwa, na tangu siku aliyopaswa kuzaliwa. Wako walitangulia wiki 11, yaani miezi miwili na nusu hivi. Kwa hiyo mwilini Doto ni mtoto wa miezi tisa na nusu, na mtoto wa umri huo ambaye anakaa vizuri bila kuegemezwa amefanya kazi kubwa. Kulwa ndiye mwenye haraka. Kila mara mtu akiwalinganisha mbele yako, hesabu wiki hizo 11 kwanza, kisha hesabu na hili ninalokueleza sasa.

Tuje kwenye njuga, maana hapo ndipo penye kiini cha swali lako.

Mtoto anayeona, akiwa na miezi minne au mitano, huona kitu na mkono ukakifuata. Jicho limemwambia kitu kiko pale, kina umbo, kinafikika. Njuga ikilia, jicho linalifundisha sikio: mlio ule ni wa kitu kile. Sikio la Doto halina mwalimu huyo. Kwake njuga inayolia hewani ni mlio mtupu, kama ngurumo ya mvua inayotoka upande wa ziwa. Inakuja, inapita. Nani ananyoosha mkono kuishika ngurumo?

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Selma Fraiberg, aliwafuatilia kwa miaka watoto kumi waliozaliwa bila kuona, akiwa Chuo Kikuu cha Michigan. Walikuwa watoto wasio na ulemavu mwingine, na wazazi wao walitembelewa nyumbani na kuelekezwa. Hata hao hawakuwa wanaufuata mlio kwa mkono hadi nusu ya pili ya mwaka wa kwanza, wengine wakikaribia kuumaliza. Jambo alilolionyesha, ambalo mimi naliona kwenye mikeka kila mwaka, ni kwamba kutambaa kunasubiri mkono. Mtoto anaweza kupiga magoti, akaegemea viganja, akayumba mbele na nyuma kama gari lililowashwa bila kuondoka, na asiende popote. Haendi kwa sababu mbele yake hakuna kitu. Siku akijua kwamba penye mlio pana kitu cha kushika, ndipo anaondoka. Katika kundi lile kutambaa kulikuja kwenye miezi 13 hivi kwa mtoto wa katikati, na kuvuka chumba kwa miguu kwenye miezi 19. Doto hajachelewa kiasi unachodhani, ila hilo la mkono lazima afundishwe, halitakuja lenyewe kama kwa mwenzake.

Sasa fanya hivi. Acha kutikisa njuga hewani. Chukua kopo dogo la maziwa, tia maharage kiganja kimoja, funga kifuniko na uzungushie utepe imara kisifunguke. Mpe mikononi, mikono yote miwili, alishike, aligonge, alilambe. Kopo hilo hilo, kwa siku kadhaa, mpaka mikono yake ilijue. Kisha siku moja akiwa analichezea, lichukue taratibu na uliweke juu ya paja lake, likimgusa, huku unalitikisa pale pale. Subiri. Mkono utateremka kulitafuta. Akilipata mara nyingi pajani, lihamishie kando ya goti, bado likimgusa. Baadaye acha nafasi ya upana wa kidole kati ya goti na kopo, halafu upana wa kiganja. Mlio usikatike anapotafuta. Ukikatika, kwake kitu kimetoweka duniani.

Nakumbuka mtoto mmoja wa umri huu tuliyefikia naye hatua ya goti. Kopo lilikuwa kushoto kwake, mama anatikisa. Mtoto hakugeuza kichwa hata kidogo, uso umetulia kama amelala. Lakini mkono wa kushoto ulikuwa umefunguka juu ya mkeka, vidole vinajikunja na kujikunjua kama kaa anayetafuta shimo. Mama hakuuona mkono, aliutazama uso, akataka kulisogeza kopo limguse. Nikamshika kifundo cha mkono asilisogeze. Tukakaa hivyo muda uliotosha mguu wangu kufa ganzi. Kidole kidogo kikaligusa bati, kikasita, na mkono mzima ukalifuata. Mama yule alilia. Mtoto alikuwa ameshaanza kuligonga.

Hicho ndicho ninachokuomba ujifunze kuliko mengine yote: usisome uso wa Doto, soma mikono yake. Mtoto anayeona huonyesha hamu kwa macho. Doto ataionyesha kwa vidole. Na hili linajibu pia lile lililokuumiza, kwamba ukiingia ananyamaza na kuinama. Ananyamaza ili asikie. Anainama kwa sababu kukuelekezea uso hakumwongezei kitu, ila kulielekeza sikio kunamwongezea. Kesho ukiingia, simama mlangoni kimya baada ya kumwita, utazame vidole vyake. Nina hakika utaviona vinafunguka.

Msaidie pia kujua ni nani ameingia. Mwite jina, jitaje, kisha mguse begani kabla ya kumnyanyua. Kunyanyuliwa ghafla bila kusikia mtu ni kama wewe kuvutwa na mkono gizani. Vaa bangili ile ile kila siku, hata iwe ya plastiki, aiguse kila unapombeba. Bibi naye awe na alama yake, ushungi wake au harufu ya mafuta yake. Na tafadhali, redio na televisheni zisishinde zinalia. Mtoto anayeona huzizoea akazipuuza, lakini kwa Doto ni ukuta unaomficha hatua zako, kuku uani, maji yakimiminwa ndooni, na vyote hivyo ndiyo madarasa yake.

Kuhusu mikono kuna kosa ambalo mimi mwenyewe nililifanya miaka yangu ya mwanzo, na linaniuma mpaka leo nikiwakumbuka watoto wale. Nilikuwa nikimshika mtoto mkono kwa juu na kuupeleka kwenye kitu: shika hiki, gusa kile. Watoto wakaanza kukunja ngumi wakinisikia nakuja. Mkono wa mtoto asiyeona ndio jicho lake, na hakuna anayependa kushikwa kichwa na kugeuzwa atazame. Weka mkono wako chini ya wake. Wewe ndiye uguse dengu, viganja vyake vimepanda juu ya mgongo wa mkono wako, na vidole vyake vichungulie pembeni. Akitaka, atateremka mwenyewe. Akikataa, atajiondoa, na wewe utakuwa hujamdanganya.

Kwa mtindo huo nenda naye jikoni. Usinunue midoli ya plastiki, yote ina ngozi moja na haina harufu. Mpe mwiko, upawa, kifuu, dodoki, ufagio wa chelewa, kipande cha ukili, sufuria na kifuniko chake. Mkalishe, umwekee sinia kubwa kati ya miguu na vitu vyake ndani yake. Sinia lina ukingo, kwa hiyo kitu kikianguka hakipotei, na bati linamwambia kimeangukia upande gani. Siku unayochagua mchele, ungo uwe mapajani mwenu wote wawili. Mwache atie mkono kwenye uji wake na kwenye ndizi ya kuponda, ajue chakula kinavyokuwa kabla hakijamfika mdomoni. Watoto wengi wasioona huchelewa kukubali chakula kigumu, kwa sababu chakula kiliwajia siku zote na kijiko bila taarifa.

Kuna kifaa kimoja cha kutengeneza mwenyewe ambacho nakipenda sana. Alikibuni mwalimu wa Denmark, Lilli Nielsen, aliyekulia katika nyumba yenye ndugu wanne wasioona, kwa hiyo alijua anachozungumza. Alikiita chumba kidogo. Tafuta boksi imara, la televisheni au la friji ndogo, likate upande mmoja ubaki wazi, uligeuze liwe kama kibanda ambacho mtoto analala chali ndani yake, kichwa na kifua chini ya paa. Toboa matundu paani na pembeni, ning'iniza vitu: kijiko cha chuma, funguo kuukuu, dodoki, kifuniko cha bati, shanga kubwa zilizofungwa vizuri. Kamba ziwe fupi, kitu kifike kifuani tu bila kuweza kumzunguka shingo, na vyote vivutwe kwa nguvu kujaribiwa kabla yake. Kamwe visihamishwe. Akipiga kushoto leo ni kijiko, kesho kijiko kiwe pale pale. Hapo atapata kitu ambacho hawezi kupewa na mtu: kukiacha na kukikuta tena. Anapokuwa ndani usiongee naye, lakini usiende mbali. Dakika kumi, robo saa, halafu mtoe mkaongee mliyoyasikia.

Maneno. Kiswahili chetu kimejaa vidole: hii, hiyo, ile, hapa, pale, kule. Sikiliza siku moja nyumbani mnavyosema: "Lete hiyo," "weka pale," "si hicho, kile." Kwa Doto sentensi hizo ni tupu kabisa. Sema jina la kitu, wakati mkono wake uko juu ya kitu chenyewe: "Mwiko. Mwiko una mpini." Taja unachofanya na anachofanya, kwa maneno machache: "Doto amegonga sufuria." Usimwage maneno mfululizo kama mtangazaji wa mpira, umwachie nafasi ajibu kwa mkono au kwa sauti. Baadaye, akianza kusema, unaweza kumsikia anageuza nafsi: akitaka maji atasema "Unataka maji?" kwa sababu ndivyo alivyosikia kila maji yalipokuja. Ni jambo la kawaida kwa watoto wasioona na huwa linanyooka. Usimcheke na usimkaripie, mpe sentensi yake: "Sema, nataka maji," na maji yaje.

Sakafu anaihitaji kuliko mgongo wako. Mbeleko ni nzuri, inampa mwendo na harufu yako, lakini mgongoni mikono imefungwa, na mtoto mtulivu kama Doto huachwa mgongoni siku nzima kwa sababu halalamiki. Mlaze kifudifudi mara nyingi kwa muda mfupi, kanga iliyoviringishwa iwe chini ya kifua na viganja vikiwa mbele. Atachukia mwanzoni, maana mtoto huinua kichwa ili aone, na yeye hana cha kuona. Mpe sababu nyingine: lala chali wewe, mlaze kifuani pako, umwimbie. Mkeka wake uwe mahali pamoja kila siku, upande mmoja ukiwa ukutani, upande mmoja ukielekea jikoni. Kigoda na ndoo visihamehame. Na kabla hajaanza kutambaa, ondoa sasa hivi kila kinachoweza kummwagikia, jiko la mkaa kwanza, maana Doto hatauona moto kabla hajaugusa.

Kujikandamiza macho ni kawaida kwa watoto ambao retina ndiyo yenye tatizo. Wakibinya, huenda wanapata vimulimuli fulani vya mwanga. Usimpige mikono wala usiifunge. Ukiona ngumi inapanda, ipe kazi: kopo, mwiko, nywele zako. Hufanya hivyo zaidi akichoka au akikosa la kufanya. Lakini likizidi, au jicho likiwa jekundu, likivimba au akilia akiligusa, mrudishe kliniki, kwa sababu macho ya namna hii yanaweza kupanda shinikizo na kuuma hata kama hayaoni.

Na huo mwanga anaouona usiudharau. Mkalishe ambapo dirisha liko upande mmoja siku zote, atajua kushoto na kulia kwake. Atoke nje asubuhi, usiku taa zizimwe, usingizi utapangika vizuri zaidi.

Kuna vipimo viwili ambavyo nakusihi usiviache. Doto apimwe masikio, kwa mashine, si kwa kupigiwa makofi nyuma ya kichwa. Njiti waliolazwa muda mrefu wana hatari kubwa zaidi ya kupoteza usikivu, na baadhi ya dawa zinazowaokoa zinaweza kugusa sikio. Yote niliyokuandikia yanasimama juu ya sikio zima. Cha pili ni Kulwa. Macho yaliyotibiwa baada ya kuzaliwa njiti huwa na hatari ya makengeza na ya kutoona mbali, kwa hiyo mtoto huyo anayetambaa nyumba nzima naye ana tarehe zake za kliniki. Ukikosa huduma karibu, KCMC Moshi na CCBRT Dar es Salaam wana wataalamu wa macho ya watoto. (Na mzazi mwingine anayesoma hapa: ukiona weupe ndani ya mboni ya mtoto wako, usisubiri atimize mwaka. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, au saratani ya jicho. Nenda wiki hii.)

Mama mkwe usigombane naye. Anayosema yametoka kwenye huruma, na zamani ndivyo ilivyokuwa: mtoto anakaa ndani hadi gari la shule lije. Nimewapokea darasani watoto wa miaka saba waliotunzwa kwa upendo hivyo. Viganja laini kama vya mtoto mchanga, hawavumilii kugusa mchanga, hawajui chai inatoka wapi, na mimi napaswa kuwafundisha nukta sita za breli kwa vidole ambavyo havijawahi kutafuta kitu. Tunafika, lakini kwa machozi mengi. Marekani sheria ya mwaka 1986 ilifungua njia ya kuwahudumia watoto hawa tangu kuzaliwa, mwalimu akimfuata mtoto nyumbani. Kenya ina vituo vya EARC tangu 1984, ambako mzazi anaweza kumpeleka mtoto kupimwa na kushauriwa kabla ya umri wa shule. Kwetu mwalimu wa kuja nyumbani ni adimu, kwa hiyo mfuate wewe. Shule ya Msingi Mitindo, Misungwi, haiko mbali nawe na inasomesha watoto wasioona. Nenda na Doto mgongoni, na ukiweza mchukue na bibi. Omba kukaa na walimu wa elimu maalumu nusu siku. Bibi akimsikia mtoto wa darasa la tatu anasoma kwa vidole, maneno yangu yatakuwa hayahitajiki tena.

Mpe bibi kazi pia. Kopo la maharage liwe lake: kila jioni, ukiwa unapika, yeye na Doto mkekani, pajani kwanza, gotini baadaye. Kulwa atataka kulinyang'anya, mtengenezee lake.

Niandikie tena baada ya mwezi. Usinieleze kama ameanza kutambaa. Nieleze mikono yake inafanya nini unapoingia chumbani.